Niliosha Vibuyu vya Minza

Nyie vijana mna tabia moja inayonifurahisha. Mkishuka tu Mpanda, kwa treni ya Kaliua au kwa basi, kabla hata hamjatua begi mnatoa simu na kuuliza wapi kuna chakula cha hapa hapa, siyo chipsi mayai mnazozila kwenu kila siku. Halafu mtu mwenye huruma anawaambia, "Mtafuteni yule mama aliyekuwa Bibi Afya, ndiye aliyekuwa akifunua masufuria ya mji mzima." Ni kweli. Kwa miaka thelathini na kitu kazi yangu ilikuwa kuingia jikoni kwa watu bila kualikwa. Migahawa, mabucha, mabanda ya mama lishe, maduka ya asali, wachoma mishikaki, wote walinijua, na nusu yao walipoona pikipiki yangu kwa mbali walianza kufagia.

Jina langu ni Skola, Mfipa wa baba na mama, ingawa kitovu changu kilizikwa hapa hapa Mpanda. Nimestaafu. Magoti yananiuma na meno ya nyuma yameniaga, lakini pua ingali nzima, na udadisi ndio kwanza umeongezeka kwa kuwa sina tena mtu wa kuniambia niharakishe. Basi nitawaonyesha pa kwenda. Sharti langu ni moja tu: mnisikilize mpaka mwisho, maana mahali pa kwanza ninapowapeleka wageni ni mahali ambapo niliwahi kupaangamiza kwa mikono yangu mwenyewe, na ilibaki kidogo tu pasifufuke.

Kwanza niwafundishe kutazama. Aliyenifundisha mimi ni Mzee Kasimiri, Bwana Afya wa siku zile, mtu mrefu mwenye maneno machache na baiskeli isiyo na mlio hata kidogo. Nadhani aliipaka mafuta makusudi ili asisikike akija. Alikuwa akisema mkaguzi mbaya huanzia mezani, mzuri huanzia uani. Usitazame sahani, tazama kitambaa kinachofuta sahani. Usiulize maji yametoka wapi, inua mfuniko wa pipa uone kama kuta zake zina kamasi. Mpishi akikwambia yeye hali chakula chake kwa sababu hana njaa, na wewe uwe huna njaa.

Mambo mengine nilijifunza mwenyewe. Migebuka wakavu wanaoletwa kutoka ziwani, Karema na Ikola, mshike mmoja mkia umpinde. Akikatika kwa mlio, amekauka. Akipinda kama kandambili, bado ana maji ndani, na siku ya tatu nyumba nzima itajua umenunua samaki. Uyoga wa masika unaouzwa barabarani njia ya Sitalike usiununue kwa mtu asiyeweza kukwambia aliuchuma chini ya mti gani. Akijibu "porini tu," msalimie kwa adabu uondoke. Mchumaji wa kweli atakutajia mti, kichuguu, hata mvua iliyonyesha siku iliyotangulia, na hutamnyamazisha kirahisi.

Halafu kuna lile duka la asali karibu na soko, la mzee wa Kikonongo ambaye ukoo wao umekuwa ukitundika mizinga misitu ya Ugalla tangu enzi za babu zake. Nendeni. Mkifika mtaona ndani ya kila chupa kuna kipande cha sega, na kwenye sega nyuki mmoja aliyekufa. Msishtuke. Mimi nilishtuka. Nilimwambia achuje asali yote kwa kitambaa safi, kisiwemo hata kiguu cha nyuki. Kabla sijatoka mlangoni nikajikuta namwuliza, "Kwani kwa nini mnamwacha?" Akaniambia wateja wake hawaamini asali tupu, wanadhani ni sukari guru iliyochemshwa. "Bibi Afya, huyu nyuki ndiye sahihi yangu," alisema. Tukakaa chini, tukakubaliana: asali ichujwe, kisha sega safi liingizwe kwa mkono safi, nyuki abaki na heshima yake. Mpaka leo hajapoteza mteja, na mimi sijapata malalamiko.

Mnaona nilivyouliza kabla sijaandika? Sikuzaliwa hivyo. Siku ya asali nilikuwa tayari mtu mzima kazini. Kuuliza nilifundishwa miaka mingi kabla ya hapo, kwa Minza, na sikufundishwa kwa upole.

Minza alikuwa na mgahawa wa maziwa nyuma ya soko. Chumba kimoja, mabenchi mawili, dirisha dogo, na ukutani vibuyu saba vikining'inia kwa kamba za ngozi, vikubwa kwa vidogo. Yeye na mumewe walikuja na ng'ombe kutoka huko Shinyanga, wakatembea wiki nyingi wakifuata malisho mpaka wakafika huku kwetu. Mumewe alikaa na mifugo porini, yeye akakaa mjini na maziwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene wa heshima, na sauti yake ilikuwa ya chini mno kiasi kwamba ulilazimika kusogea karibu ili uambiwe ukweli.

Alichouza ni maziwa mgando ya kibuyu, mazito kiasi cha kusimamisha kijiko, na matobolwa ya kutafunia. Kwa msiowajua Wasukuma: matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama vijiti. Unakitia kinywani na funda la maziwa, unakiacha kilainike taratibu, na hapo huna haja ya kuongea na mtu kwa dakika tano nzima. Makarani walikwenda kwa Minza, madereva wa malori walikwenda, wachungaji waliokuja mnadani walikwenda wakiwa na fimbo zao. Mimi sikuwahi kwenda. Nilikuwa nina nusu mwaka kazini, sare yangu bado ina mikunjo ya dukani, na nilikuwa nimeshika kanuni moja ya Mzee Kasimiri kama amri ya Mungu: ukikagua, usionje. "Ukishaonja," alisema, "mdomo wako umeshahongwa."

Basi nikaingia na daftari. Minza akanimiminia kikombe kabla sijafungua mdomo, kama anavyomfanyia kila mtu. Nikakitazama. Juu ya maziwa meupe palikuwa na chembe nyeusi, zimetawanyika kama pilipili manga.

"Mama, hivi ni nini?"

"Ni kijinga cha moto hicho, mdogo wangu. Onja kwanza, utaniuliza baadaye."

"Mimi sionji. Mimi nakagua."

"Unakagua chakula kwa macho?" akasema, na mabenchi yote mawili yakacheka.

Nataka mjue ukweli: kile kicheko ndicho kilichofanya yote yaliyofuata. Siyo chembe. Mtu akiwa mpya kazini anaweza kuvumilia uchafu, hawezi kuvumilia kuchekwa. Nikatungua kibuyu kimoja, nikakinusa. Kilinuka moshi. Nikamulika ndani kwa tochi, ni kweusi tititi kama chungu cha maharage.

"Vinaoshwa lini?"

"Havioshwi. Vinachomwa."

Nikamwambia, mbele ya wateja wake, kwamba vibuyu vyote saba vitaoshwa leo hii kwa maji ya moto, sabuni na dawa ya klorini, au nafunga mgahawa. Minza akajibu kwa ile sauti yake ya chini. "Vibuyu hivi mimi sivioshi. Ukitaka kufunga, funga. Ukitaka kuosha, osha wewe."

Nikaosha mimi. Nilipandisha mikono ya sare, nikachukua brashi ya chupa, nikakaa uani kwenye kigoda, nikasugua kibuyu kimoja baada ya kingine. Maji yalitoka meusi kama kahawa, halafu kijivu, halafu meupe, na mimi nikazidi kujisifu moyoni. Minza alikaa kizingitini akinipa mgongo. Nilipofikia cha mwisho, kidogo kuliko vyote, aligeuka, akaja, akanishika kifundo cha mkono.

"Hicho kidogo niachie."

"Hicho ndicho kichafu kuliko vyote," nikamwambia.

Akauachia mkono wangu. Nikakisugua mpaka kikawa kama mfupa uliokaa juani.

Wiki haikuisha. Wateja wa Minza wakaanza kuja ofisini kwetu, mmoja mmoja, wameshika matumbo. Karani mmoja alikuja asubuhi akaomba kwanza aonyeshwe choo kilipo, ndipo atoe malalamiko. Maziwa yamekuwa machungu, walisema, yanavutika kama mlenda, yana harufu ya sabuni. Mimi nikafurahi kijinga: nilisema mnaona, mahali pale ni pachafu, sasa nina sababu ya kupafunga kabisa. Nikaandika karatasi ya kufunga, nikaipeleka kwa Mzee Kasimiri aweke sahihi.

Hakuiweka. Aliniambia nilete kitabu cha malalamiko, nikaleta. Akaniambia nitafute jina la Minza kurasa za nyuma, mwaka huo, mwaka wa kabla yake, na wa kabla ya huo. Nilitafuta nikiwa nimesimama, yeye akinywa chai. Halikuwamo.

"Vibuyu vikiwa vichafu hakuumwa mtu," alisema. "Vimekuwa safi, watu wanakimbilia chooni. Hilo halikuwashi? Hutaki kujua?"

"Mzee, wewe mwenyewe ulisema nisionje."

"Nilisema usionje unapokagua. Sikusema ufe huku hujui kitu." Akanirudishia karatasi yangu. "Nenda kamwulize yule mama kibuyu kinaishi vipi. Usirudi na faini, rudi na jibu."

Nilikuta Minza amejifungia mwenyewe. Vibuyu vimeinamishwa midomo chini uani, benchi moja limegeuzwa. Siku ya kwanza hakunijibu hata salamu. Siku ya pili alinisukumia ungo wa karanga nibangue, nikabangua mpaka vidole vikawaka, na nikaondoka bila neno. Siku ya tatu nilipovuta ungo mwenyewe bila kuambiwa, akaanza kuongea.

Nikaambiwa hivi. Unachukua kijinga cha mti fulani, ambao mpaka leo hajanitajia jina, kikiwa bado kina moto. Unakiingiza ndani ya kibuyu, unasugua kuta zote, unatikisa, unamwaga majivu. Ule weusi unaobaki ndio mlinzi. Maziwa unayachemsha, unayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, unamimina. Halafu unatia mbegu, yaani kiasi kidogo cha maziwa ya jana yaliyokwisha kuganda, na mbegu ndiyo inayoyafundisha maziwa mapya namna ya kuganda. Bila moshi, wageni wabaya wanaingia. Bila mbegu, hakuna wa kuwafukuza.

Jamani, mambo hayo yote nilifundishwa chuoni, kwa vijidudu na majina marefu, na nilifaulu mtihani. Nilishindwa kuyatambua kwa sababu tu yalikuwa yamevaa kaniki. Niliona aibu ambayo hata sasa nikiwaandikia masikio yanapata moto.

"Basi tutie mbegu nyingine," nikasema.

"Ya nani?"

Mbegu ile alipewa na mama yake siku alipoolewa, na mama yake alipewa na mama yake. Ilitembea na ng'ombe njia nzima ndani ya kile kibuyu kidogo, ikitiwa maziwa kila siku isilale njaa. Haikukatika hata mara moja mpaka nilipokuja mimi na brashi. Vile sita vilikuwa vya biashara. Kile kidogo kilikuwa mama yao.

Nikamwuliza kama hakuna mtu ambaye yeye Minza alimgawia mbegu hiyo. Akasema yupo, Kabula, mwanawe wa kwanza, ameolewa huko upande wa Ugalla kwa watu wenye ng'ombe wengi. Nikaruka kwa furaha. "Si umwendee?"

"Mama hamwombi mtoto mbegu," alisema. "Inashuka, haipandi. Nikimwomba Kabula, nimemwambia nyumba aliyozaliwa imezimika moto. Atanipa, ndiyo, lakini atalia matanga."

"Nikienda mimi kukuombea?"

"Ukiniombea, nimeomba mimi."

Sijui kama Wasukuma wote wana mwiko huo. Nimeuliza wengi tangu hapo, wengine wananicheka. Huo ulikuwa wa ukoo wao, na kwa Minza ulikuwa na uzito kuliko karatasi yangu ya kufunga. Nikabangua karanga, nikawaza, halafu lile swali likanitoka.

"Na mtu akienda kuomba ya kwake mwenyewe?"

Minza aliacha kupepeta. Alinitazama. "Ya kwake ni yake," alisema. "Akishakuwa nayo, atampa amtakaye." Kisha akarudi kwenye ungo.

Kesho yake nilichukua pikipiki ya ofisi. Barabara ya huko siku zile ilikuwa mchanga, halafu mashimo, halafu mchanga tena, na mbung'o wa msituni waliniuma kupitia nguo kama wananidai. Nilifika kwa Kabula jua likiwa utosini. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mwanya, anacheka kabla hujamaliza sentensi. Tulisalimiana, nikamwambia mimi ni Mfipa wa Mpanda, namfahamu mama yake, na nimekuja kuomba mbegu ya maziwa.

"Leo kali!" akapiga makofi, utani wa makabila ukamjia. "Nyie Wafipa si mnatuma radi? Mmeshindwa kuituma ikawaletee maziwa?"

"Radi inaunguza maziwa," nikamwambia. "Tumeona tuje wenyewe."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akauliza, "Ya mama umewahi kuyanywa?"

Nilitamani kudanganya. "Sijawahi."

"Unaomba mbegu ya kitu usichokijua?"

Akaingia ndani, akatoka na kikombe kimejaa. Juu yake chembe nyeusi, zile zile. Nikanywa. Ninyi mnaopiga picha chakula, hebu niambieni picha ingewasaidia nini pale. Yalikuwa ya baridi, na jua lile! Kwanza uchachu unaoamsha taya, kisha uzito wake ulimini, halafu nyuma kabisa, ukishameza, moshi unakuja taratibu kama mtu aliyechelewa kanisani. Nilimaliza kikombe. Nikaomba cha pili. Katikati ya kile cha pili nilifahamu sawasawa nilichokuwa nimemwaga kwenye mtaro wa Minza.

"Mama hajambo?" Kabula aliuliza.

"Hajambo."

"Na vibuyu vyake?"

Niliweka kikombe chini. Nikasema, "Mimi nimekuja kuomba ya kwangu."

Kicheko kilimtoka usoni. Alitazama sare yangu, akatazama pikipiki ya serikali iliyojaa vumbi, akatazama vidole vyangu vilivyokuwa vimechubuka kwa karanga. Hakuuliza tena. Aliingia ndani akakaa huko muda, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na mkononi ana kibuyu kidogo kilichofungwa kwa nyasi.

"Piga magoti," aliniambia. "Hivi ndivyo inavyopokelewa."

Nikapiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe makavu, na sare yangu.

"Sasa wewe ni mwanangu. Utakayempa atakuwa mwanao, na kwangu mjukuu." Akasita, na ghafla kicheko kikamrudi huku machozi yanamtiririka. "Mungu wangu, nitakuwa na mjukuu mzee kuliko bibi yake!"

Nilikibeba mgongoni kwa kanga kama mtoto, kwa sababu nilihofia kwenye kapu kingevunjika. Hilo ndilo kosa langu la pili, na hili lichekeni, ruksa. Maziwa yenye mbegu hai hupumua, na yakitikiswa juani hupumua kwa nguvu zaidi. Mtu mwenye akili hulegeza kifuniko. Mimi nilikikaza zaidi yasimwagike. Katikati ya msitu, hakuna nyumba, hakuna mtu, nikasikia mgongoni kishindo kama cha bunduki. Nilidhani ni majangili! Niliangusha pikipiki, nikalala kifudifudi, ndipo nikasikia ubaridi unateremka kiunoni hadi kwenye viatu.

Nilikaa kitako njiani nikalia. Halafu nikakitazama kibuyu: kizima, ila kifuniko kilikuwa kimefyatuka. Chini kabisa palibaki funda moja, pengine mawili. Kilichobaki cha njia sikuthubutu kwenda mbio. Niliisukuma pikipiki kwenye mashimo yote, na penye tambarare niliendesha kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti, kibuyu nimekishika kifuani kwa mkono mmoja.

Nilifika kwa Minza jioni jua halijazama, nimekauka maziwa mwili mzima, nzi wananifuata. Sikuwa nimemwambia nakwenda. Lakini uani moto ulikuwa unawaka, na kile kibuyu kidogo, kile nilichokisugua mpaka kikawa mfupa, kilikuwa kimening'inizwa peke yake, cheusi ndani, kinanuka moshi mbichi. Pembeni yake sufuria ya maziwa yaliyochemshwa ilikuwa inapoa.

Nikamwonyesha kilichobaki. "Yamemwagika, mama. Ni haya tu."

Alichungulia ndani. Alinusa, akafumba macho. Kisha mwanamke yule, aliyenizidi zaidi ya miaka ishirini, ambaye nilimwoshea vibuyu kwa nguvu mbele ya wateja wake, akashuka mbele yangu, goti moja halafu la pili, akakunjua mikono yote miwili.

"Usipige magoti, mama! Inuka, tafadhali, mimi ndiye—"

"Nyamaza. Nipe."

Nikampa. Akakipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mayu," alisema. Mayu ni mama, kwa Kisukuma.

Sikuitika. Ningeitikaje? Nilisimama pale kama gogo. Yeye naye hakuinuka.

"Itika," alisema. "Usipoitika, haijatoka kwa mtu. Itakufa."

"Marahaba," nikasema, kwa sauti ya mwizi.

Ndipo akainuka, akamimina lile funda kwenye kibuyu, akatia maziwa, akafunga kwa nyasi, na akalegeza kifuniko huku akinitazama nguo zangu. Siku mbili hatukujua kama mbegu imeshika. Siku ya tatu alfajiri alituma mtu aniite. Nilimkuta anakiinamisha kibuyu juu ya kikombe, na maziwa yakatoka polepole, kwa kipande kizima, yakakaa. Yalikuwa yameganda. Tulikumbatiana sisi wawili tukirukaruka uani kama wasichana, na baada ya mwezi vibuyu vyote saba vilikuwa vimerudi ukutani. Mzee Kasimiri alikuja na baiskeli yake isiyo na mlio, hakuwa na daftari, akanywa vikombe vitatu.

Basi mkifika Mpanda, nendeni hapo kwanza. Pana saruji sasa na bango la rangi, na wajukuu ndio wanaohudumia. Msiulize kama kuna maziwa ya pakiti. Kunyweni taratibu, na matobolwa msiyatafune kwa haraka, mtavunja meno.

Mtamkuta Minza mlangoni kwenye kiti chake. Amezeeka mno, hatembei, lakini nikifika mimi anashika mikono ya kiti, anainama kadiri mgongo unavyomruhusu, na anasema mbele ya watu wote, "Shikamoo, mayu." Wageni wanacheka. Wanadhani uzee umemchanganya, ajuza kumwamkia mtu wa umri wa mwanawe. Mimi naitika, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti, wote wasikie.

Mwezi uliopita nilimwuliza, maana swali hili limenikaa miaka mingi na sitaki mmoja wetu aondoke kabla sijalijua jibu. Nilivuta kigoda karibu, kwa kuwa sauti yake sasa ni ndogo zaidi, nikamwambia, "Minza, hii shikamoo unayonipa, ni heshima au ni adhabu?"

Alinisogezea kikombe cha maziwa. Hakuwa na haraka.

"Heshima ni ya mbegu," alisema. "Adhabu ni yako. Kunywa, yasipate joto."